Sukari ya Arusi ya Lucie

Nilikuwa natwanga sombe, nimefika pale majani ya muhogo yanapoanza kutoa povu na mkono hautakiwi kusimama, Maliki alipotokea upande wa gare akisema treni ya Kabalo imeingia, na shangazi yake Edmond, mchumba wa binti yangu, ameshuka na mizigo mitatu, anauliza njia ya kwangu. Nikasimamisha mchi. Ukuta wa nyumba yangu unatazama njia panda, na chini ya ukuta huo kuna taruma la reli lililolazwa juu ya matofali. Papa Télesphore alilileta mwaka alioacha kazi ya treni, na hakuna aliyemwuliza amelitoa wapi. Hilo ndilo benchi letu. Ninauza kahawa hapo tangu mume wangu afariki, na wanaume wanaokaa hapo hunilipa kwa makuta, kwa habari, au kwa ahadi. Mwaka ule wa kolera, komisera wa zone alikuwa amekataza mikusanyiko, na benchini walikuwa wamebaki watatu. Watu watatu si mkusanyiko, alisema Papa Télesphore, watu watatu ni abiria.

— Nimemwonyesha njia ndefu, alisema Maliki, ile ya kuzunguka sokoni. Anasukumiwa mizigo kwa pusipusi yenye gurudumu bovu. Tuna nusu saa, Mama Lucie.

Maliki huuza mafuta ya taa na betri anazovusha kutoka Kigoma. Wanamwita Redio, kwa sababu habari humfikia kabla haijatokea.

— Nusu saa ya nini? nikamwuliza.

— Ya kupanga maneno.

Maneno yalitakiwa kweli. Arusi ya Lucie, binti yangu mkubwa, ilikuwa iwe Jumamosi ile. Pesa ya karamu ilitoka kwa Edmond kidogo, na nyingine kwa mtaa wetu, nyumba kwa nyumba, kila mtu alichoweza. Tulinunua gunia la sukari, chumvi, katoni mbili za sabuni, na kuni za kujaza uwanja. Pesa ya mbuzi tuliiweka kando. Sasa hapakuwa na sukari, hapakuwa na sabuni, na pesa ya mbuzi ilikuwa imegeuka ndoo na sufuria. Siku kumi na moja Lucie alikuwa anachemsha maji kwenye uwanja wangu, anatia sukari na chumvi kama firmie wa dispensari alivyomfundisha, na wagonjwa wa mtaa wanayanywa. Shangazi hakujua lolote. Na kwa Waluba wa Kabalo, shangazi wa upande wa baba ndiye anayesema ndiyo au hapana. Akisema hapana, Edmond hana mdomo mwingine.

Nilirudi kutwanga, lakini polepole, nipate kusikia.

— Tuanze na karatasi, alisema Papa Télesphore. Alikuwa shefu wa treni miaka ishirini na sita, na mpaka leo tunamwita Shefu. Mzigo ukipotea njiani, shefu haandiki kwamba umeliwa. Anaandika: umepungua.

— Umepungua kwa nini? aliuliza Maliki.

— Unyevu. Tuko kando ya ziwa.

— Kilo hamsini, Shefu? Zote unyevu?

— Kuna siku ng'ombe wawili walipungua kati ya Nyunzu na hapa. Niliandika unyevu. Nikapigiwa muhuri.

— Huyu ni mwanamke wa Kabalo, si ofisi. Ataomba aone gunia.

— Tumwonyeshe gunia. Gunia liko. Mama Lucie, gunia liko?

— Watoto wanalilalia, nikasema.

— Umesikia? Gunia liko, sukari njo imepungua. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

— Hiyo inaingia wapi hapa?

— Itaingia tu. Iache.

Wa tatu benchini alikuwa Papa Ignace. Alikuwa karani wa tribinali mpaka walipompumzisha, na jina la Tribinali likamfuata mpaka nyumbani. Kabla ya kolera hakuna mtu aliyemaliza sentensi mbele yake. Angemwuliza Shefu ng'ombe wale walikuwa wa nani, shahidi ni nani, na muhuri ulikuwa wa rangi gani. Siku hiyo alikuwa ameshika kikombe juu ya goti kwa mikono miwili, anatazama ndani yake. Kahawa yake alikuwa anainywa bila sukari. Sikumwuliza sababu.

— Mimi nasema tuseme wezi, alisema Maliki. Wezi hawahitaji muhuri.

— Wezi gani wanaacha chungu na kuchukua sukari?

— Wezi wenye watoto.

— Na wezi wale wakamwachia Lucie moto unawaka uwanjani? Mwanamke anaingia, anakuta ndoo kumi na mbili. Atauliza ndoo za nini. Utasema wezi njo walizileta?

Maliki alifikiri. Alinyosha kikombe, nikamjazia.

— Basi tuseme kweli, lakini tuigeuze, akasema. Kigoma wanasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni ndiye huyo amekuja. Wenyeji wagonjwa tunao. Anatakiwa afurahi.

— Redio, huyo mgeni atapona nini? Yeye hajaugua bado.

— Sikiliza kwanza. Arusi ni nini? Arusi ni watu wanakula kitu cha bibi arusi, wanasema asante. Si ndiyo?

— Ndiyo, tena wanacheza.

— Kucheza komisera amekataza, kutoe. Watu wamekunywa sukari ya bibi arusi? Wamekunywa. Wamesema asante? Wenye nguvu walisema. Basi arusi imefanyika. Lucie ni mke wa mtu tangu wiki iliyopita.

— Na bwana arusi?

— Bwana arusi hakufika kwenye arusi yake mwenyewe. Alipe faini.

Shefu alicheka, nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Shefu akipata njia ya kushuka haachi breki ifanye kazi.

— Hapo umesema, akasema. Tena ongeza. Anayekula arusi analeta zawadi, njo desturi. Wamekunywa wangapi? Tuseme mia mbili. Mutu mumoja kuku mumoja, ni kuku mia mbili. Haba na haba hujaza kibaba. Tutaomba wagoni nzima ya kuku mpaka Kabalo. Shangazi atarudi ameketi juu ya kuku. Hakuna bibi arusi wa Tanganyika yote aliyeolewa hivyo.

— Na waliokufa, nao wanadaiwa kuku? aliuliza Maliki.

Aliuliza kwa utani, kwa sababu mazungumzo yalikuwa yamefika huko. Kisha akamkumbuka aliyekaa kando yake, akafunga mdomo. Shefu alianza kufuta kiti cha taruma kwa kiganja, kama mtu aliyeona vumbi. Papa Ignace hakuinua kichwa.

Hapa lazima niseme jambo, kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini mchi wangu ulisimama hapo mara ya pili.

Siku ugonjwa ulipoingia mtaani, jioni, Papa Ignace alikuja mlangoni kwangu na kikombe. Pélagie, mtoto wake wa pekee, miaka saba, alikuwa anaharisha tangu saa sita, na firmie alikuwa amepita akasema maji, sukari, chumvi, yasikatike. Dukani sukari ilikuwa imeisha. Nilimpa ya kwenye kopo, vijiko vitatu, nikakung'uta na kopo. Alisema asante. Gunia la arusi lilikuwa chini ya kitanda changu, limeshonwa. Kwetu vitu vya arusi havifunguliwi kabla ya siku yake, anayevifungua ameifungua ndoa. Mama yangu alinifundisha hivyo, nami sikuwahi kuliona kama neno la kufikiriwa. Lilikuwa kama kutokanyaga moto. Papa Ignace hakuniomba gunia. Alijua liko, kwa sababu yeye mwenyewe alilibeba begani kutoka dukani. Yeye naye alifundishwa na mama yake. Tulisimama pale mlangoni, watu wawili tuliosoma, tukatakiana usiku mwema.

Asubuhi Lucie alirudi kutoka kwa Papa Ignace, akaingia chumbani bila kunisalimu, akalivuta gunia akalipasua kwa kisu cha samaki. Hakuniuliza, na mimi sikumzuia. Moto ukaanza hapo.

— Gunia nililibeba mimi, alisema Papa Ignace.

Sauti yake ilitustua, siku nyingi hatukuisikia.

— Tunajua, Tribinali, alisema Shefu kwa upole.

— Kilo hamsini. Munasema unyevu, munasema wezi. Mimi nililibeba kutoka dukani mpaka chumbani kwa Mama Lucie, nikaliweka chini ya kitanda. Lilishonwa kwa katani, mara mbili. Mushono wa nguvu.

— Papa Ignace, nikasema.

— Nasema uzito tu, Mama Lucie. Sisemi kitu kingine.

Akanywa kahawa yake. Maliki alitazama njia ya sokoni, na nadhani kwa mara ya kwanza alitamani mgeni afike haraka.

Akafika. Tulisikia gurudumu kwanza, kisha tukamwona, mwanamke mnene wa makamo amefunga kilemba cha safari, kijana wa pusipusi nyuma yake. Alikuwa anatembea vizuri mpaka alipofika kona ya fundi viatu, na hapo akaona yale tuliyokuwa tumezoea kuyaona. Aliona moshi unapanda kutoka uwanjani kwangu mchana kweupe. Aliona kuni zimepangwa mpaka nje. Aliona wanaume wameketi ukutani wameinamisha vichwa, na wanawake wawili wasiosalimiana wanatoka na vyungu. Kila mtu wa nchi hii akiona moto na wanaume kimya mbele ya nyumba, anajua kimetokea nini. Shangazi alisimama. Akafungua kitenge akakifunga upya kiunoni, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kutoka palepale, kama inavyotakiwa, kwamba kilio kitangulie kufika kabla ya mwenyewe.

— Lucie, ee mwana wangu. Lucie, nimeleta chakula chako, nani atakula? Lucie, umetuacha njiani. Edmond nitamwambia nini?

Alilia vizuri. Wanawake wawili wenye vyungu, wanaojua Lucie ni mzima, walianza kutokwa na machozi. Shefu alivua kofia. Tulikuwa tumezika watu tisa katika mtaa wetu, karibu wote kwa haraka, kwa chokaa, bila mtu kuruhusiwa kulia barabarani, na huyu mgeni alikuwa anawalilia wote kwa jina moja.

Lucie akatoka uwanjani na ndoo mkononi kuona nani analiliwa.

Shangazi akanyamaza katikati ya neno. Kumlilia mtu aliye hai ni kumwonyesha njia ya kaburi, hakuna asiyejua. Alibaki na mikono kichwani, mdomo wazi. Lucie alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, nguo imelowa mpaka magotini. Hakuonekana kama bibi arusi wa mtu yeyote.

— Karibu, shangazi, akasema. Usinishike bado. Nawa mikono kwanza, sabuni ile pale.

Shangazi, jina lake Mama Adrienne, alinawa kama mtoto anayeamriwa. Kisha alikuja mpaka benchini akasimama mbele yetu, akatutazama mmoja mmoja.

— Haya. Munieleze.

Shefu aliinuka. Alisema, Mama, kuna hali ya hewa, halafu akakosa reli ya kuendelea. Maliki, ambaye nusu saa nzima alikuwa na wezi, na kuku, na faini, alichezea kifuniko cha betri. Mimi nilifungua mdomo, lakini Lucie alikuwa mbele yangu.

— Sukari nimewapa wagonjwa, shangazi. Na sabuni pia. Pesa ya mbuzi nimenunulia ndoo. Imeisha.

— Yote?

— Yote. Kuni njo zimebaki, na chumvi.

— Nani alikutuma?

— Hakuna.

— Pesa ile ilikuwa ya arusi yako.

— Ilitoka kwa watu hawa. Walikuwa wanakufa, na mimi nimelalia sukari yao. Nimewarudishia.

Alisema hivyo tu, akainua ndoo akarudi kwenye moto, kwa sababu sufuria lilikuwa linamwagika. Nilisikia lile neno nimelalia. Gunia lilikuwa chini ya kitanda changu, si chake, na alijua kwamba mimi ninajua.

Mama Adrienne hakukasirika. Ningependa angekasirika, maneno ya hasira nilikuwa nimeyaandalia majibu.

— Sikuuliza sukari, akasema. Mimi niliona moto nikalia. Sasa mutoto ni muzima, na nyinyi munakaa kama watu wa matanga. Niliondoka kwangu na nguo mbili ndani ya mufuko, moja ya arusi, moja ya kilio, juu mutu wa umri wangu hasafiri na nguo moja. Muniambie nivae gani. Hapa ni arusi ao ni kilio?

Shefu aligeuza kofia mkononi. Maliki alininyoshea kikombe, namna ya kusema nisaidie, nikainamisha birika: yakatoka makapi ya kahawa, basi. Nikaliweka chini. Gurudumu la pusipusi lilikuwa bado linazunguka peke yake, kijana ameinua upande mmoja alitazame.

Papa Ignace ndiye aliyesimama, akampa shangazi nafasi yake kwenye taruma.

— Kaa, Mama.

— Asante, baba. Na wewe umefiwa?

— Pélagie. Miaka saba.

— Pole sana. Aliinywa sukari ya mutoto wetu?

— Hapana, alisema Papa Ignace. Siku ile sukari ilikuwa ingali ya arusi.

Alimjibu kwa adabu, kama alivyokuwa akijibu ofisini mtu akimwuliza tarehe. Mama Adrienne alimtazama, kisha akanitazama mimi. Sijui aliona nini. Mwanamke aliyezeeka katika mambo ya ndoa anajua magunia yanalala chini ya vitanda vya nani.

Alikwenda kwenye pusipusi akaushika mzigo mkubwa kati ya ile mitatu. Ulikuwa mfuko wa karanga kwa nje, lakini alipouburuta ulitoa sauti ya mchanga. Ulishonwa kwa ukindu, mara mbili.

— Hii ni sukari ya Edmond, akasema. Nusu gunia. Alinunua ya kuongezea karamu, akaniapisha isifunguliwe mpaka siku. Mama Lucie, leta kisu.

— Siku haijafika, Mama, alisema Maliki. Yeye ni Mwislamu, wala desturi hii si yake, lakini aliogopa kwa niaba yetu.

— Shangazi ni nani hapa?

— Ni wewe.

— Basi siku naisema mimi. Mama Lucie, kisu.

Nilikimbia. Nina miguu mibovu tangu uzazi wa mwisho na sikimbii hata mvua ikinyesha juu ya mihogo niliyoanika, lakini nilikimbia, nikakanyaga mboga, nikarudi na kisu kile cha samaki. Nilitaka kumpa. Alinyosha mkono akaelekeza kwenye mshono, si kwenye kisu.

— Kata wewe.

Nikakata. Katani au ukindu, ni kitu kimoja, mshono wa nguvu unakatika mara tatu tu. Siku ile ya kwanza ungekatika mara tatu vilevile.

Papa Ignace aliinama akaubeba mfuko begani mpaka uwanjani. Hatukumsaidia.

Baada ya hapo kulikuwa na kazi, na benchi likavunjika. Maliki alikwenda kuswali. Shefu alipasua kuni, akilalamika kwamba zimekatwa vibaya. Jua lilipoanza kushuka upande wa Katanika walileta mtu mwingine katika blanketi, mchukuzi wa bandarini, na Lucie na shangazi walimnywesha kwa zamu, kijiko kwa kijiko, mpaka akaweza kusema jina lake. Mama Adrienne hakuvaa nguo ya arusi wala ya kilio. Alibaki na ile ya safari, mikono imekunjwa. Sombe yangu ilichelewa, nayo haikulainika, kwa sababu ya kusimamisha mchi mara mbili.

Nilipakua kabla giza halijaingia. Tangu ugonjwa uje ninahesabu watu kila jioni kabla sijagusa bugali, na kama hesabu haitimii hakuna anayekula. Nilianza kwa wanangu wadogo, Mwamba na Pontien. Lucie alikuwa ameketi kwenye mkeka, amesinzia na kipande cha bugali mkononi. Papa Ignace na mkewe wanakaa kwangu, nyumba yao imemwagiwa dawa. Mkewe Mama Elisabeth alikuwa ndani amelala, anapona, anakula uji. Shefu hakukaribishwa, lakini yeye husikia harufu ya sombe kama filimbi. Nikajihesabu mimi.

— Usihesabu hivyo, alisema Mama Adrienne, akichukua kipande cha samaki akikiweka mbele ya Lucie. Unachanganya. Nyinyi muko sita. Sisi wa Kabalo tuko wawili, mimi na huyu.

Lucie aliamka kidogo, akala. Papa Ignace alimsogezea shangazi bakuli la chumvi. Hakuna aliyetaja Jumamosi.

Kutoka ndani Mama Elisabeth aliita kwa ile sauti yake nyembamba, kama anavyoita kila jioni, mazoea ya mwanamke aliyekuwa na wa kumwita ale:

— Wote wamefika?

Papa Ignace aliacha kutafuna. Nilihesabu tena kwa kijiko, mmoja mmoja. Nane.

— Wamefika wote, nikamjibu. Kula, uji unapoa.